Alifungwa Saba, Mwaka wa Mafuriko

Jumatatu, 3 Juni

Dada anaolewa!

Kanieleza asubuhi huku akimenya viazi, bila kunitazama, kama mtu anayesema sabuni imekwisha. Ana miaka sitini na moja. Mume mtarajiwa ni fundi kufuli wa kona ya sokoni, yule mwenye kipara, wa miaka sitini na tano, ambaye mji mzima unamwita Mikono. Wanakwenda kwa msajili wa ndoa Jumamosi ya wiki ijayo, na shahidi wa upande wa bibi harusi ni mimi. Hakuna mwingine. Ukoo wetu uliobaki upande huu wa mpaka unaenea kwenye benchi moja na nafasi inabaki.

Nikamuuliza amefikiria vizuri. Akasema amefikiria miezi minane. Miezi minane! Na mimi nipo humu humu ndani, nasoma.

Nikamwambia kwamba nyumbani kwetu, dirisha la jikoni lilikuwa na kioo cha kijani kwa chini, na watu wanaokikumbuka kioo hicho duniani tumebaki wawili. Akasema hahamii mwezini, anahamia mtaa wa pili. Akasema pia nikate viazi vyembamba, hivyo vyangu haviivi.

Nimetafakari siku nzima. Mtu hafiki miaka sitini na tano bila kasoro. Mikono ana kasoro. Nitaitafuta kwa utaratibu, kama mtu aliyesoma.

Jumanne, 4 Juni

Ushindi siku ya kwanza!

Nilikwenda kunyoa kwa Redio. Kinyozi huyu haitwi Redio kwa sababu anayo. Nikamtupia swali kwa mbali: huyu fundi kufuli ni mtu wa namna gani? Redio akazima mashine, jambo ambalo hulifanya kwa habari nzito tu. Akasema, masikini Mikono, yule mzee ameteseka. Mwaka wa mafuriko alifungwa saba. Akarudia: saba, Profesa! Mji mzima ulilia.

Niliruka kitini. Miaka saba gerezani! Nilikuwa nusu ya barabara ndipo nikagundua kwamba upande mmoja wa ndevu zangu bado upo.

Sasa kila kitu kinaeleweka. Kwanza jina. Mtu haitwi Mikono bure. Mikono iliyokuwa wapi? Mfukoni mwa nani? Pili, kazi. Kufuli! Mtu anazijua kufuli kwa undani namna ile kwa sababu ameishi upande wake wa ndani.

Mwaka wa mafuriko ni ule ule niliofika mji huu, miaka thelathini na moja iliyopita, nikiwa na sanduku la vitabu na homa. Mimi mwenyewe nilikutana na mahakama ya hapa mara moja tu, mwaka huo, kwa mazungumzo mafupi kuhusu maktaba. Nilimweleza hakimu msimamo wangu, akaridhika, nikaondoka. Kwa hiyo jengo nalijua.

Dada sijamwambia. Mtu aliyesoma hashtaki kwa maneno ya kinyozi. Kila kesi ina karatasi yake, na karatasi hiyo nitaiweka mezani, karibu na viazi.

Jumatano, 5 Juni

Mahakamani saa mbili kamili. Nimevaa koti.

Askari wa mlangoni akaniuliza mimi ni mshtakiwa, shahidi, au nimepotea. Nikamjibu kuwa mimi ni mtafiti. Akasema watafiti nao wanavua mkanda. Nilipita kwenye kile kilango kinacholia nikiwa nimeshika suruali kwa mkono mmoja na heshima yangu kwa mwingine. Kililia. Ni miwani, ilikuwa mfukoni.

Niliuliza wanakotunza kumbukumbu za kesi. Nikaambiwa masijala, fuata watu. Nikafuata watu. Foleni ndefu, benchi moja, mama mmoja na ramani ya shamba aliyoikunjua juu ya magoti yangu. Saa tatu nzima nilizuia kona ya mashariki ya shamba lake isipeperuke.

Nilipofika dirishani, tayari alasiri, bwana wa pale akauliza: unadai nini? Nikasema nadai ukweli. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema hii ni masijala ya madai. Hapa watu wanadai viwanja, urithi na mikataba. Ukweli wa wizi na kupigana uko jinai, ghorofani, mlango wa bluu. Nao umefungwa tangu saa nane.

Kwa nini hawakuandika? Wameandika. Bango lilikuwa nyuma ya kichwa changu muda wote.

Alhamisi, 6 Juni

Mlango wa bluu! Ndani kuna karani mwanamke mwenye penseli mbili kwenye nywele, na nyuma yake rafu hadi darini, na kwenye rafu majalada ya kahawia yaliyofungwa kwa kamba kama mizigo ya safari. Nilisimama kidogo nikayatazama. Nimeziona maktaba zenye huzuni ndogo kuliko ile.

Nikamwambia nataka jalada la Mikono.

Karani akauliza, Mikono nani? Nikasema Mikono tu. Akaitazama mikono yangu.

Kisha akanieleza taratibu, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. Kesi ya jinai iliyokwisha, mtu yeyote anaweza kuomba kulikagua jalada lake, isipokuwa kesi za watoto na zile ambazo hakimu ameamuru zisionwe. Unajaza fomu, unaonyesha kitambulisho, unasubiri litafutwe. Lakini jalada halitafutwi kwa jina la utani, mzee wangu. Linatafutwa kwa namba ya shauri. Kama huna namba, basi jina kamili na mwaka.

Mwaka ninao, nikasema: mwaka wa mafuriko. Akauliza yapi, maana yeye amezaliwa kwenye mafuriko. Tukahesabu kwa vidole, vyake na vyangu, hadi tukaelewana kwamba mimi nasema yale ya kwanza na yeye amezaliwa kwenye ya pili. Mwaka ukapatikana. Akanipongeza.

Nikauliza kama kuna njia ya mkato: cheti kinachosema fulani amewahi kufungwa au hajawahi. Akasema hicho hutolewa na polisi, si mahakama, tena anakiomba mwenyewe, kwa alama za vidole vyake.

Vidole vya Mikono! Nitavipata wapi?

Niliporudi Dada aliuliza nilikuwa wapi na koti. Nikasema maktaba. Akasema maktaba imefungwa wiki hii, wanapaka rangi. Nikasema ndiyo maana nimerudi.

Ijumaa, 7 Juni

Mpango wa leo: kupata jina kamili la Mikono. Kila fundi hutundika leseni yake ukutani, na leseni ina jina. Kilichohitajika ni sababu ya kusimama mbele ya ukuta ule kwa muda wa kutosha.

Nilichukua kufuli ya mlango wetu nikaichomeka kijiti cha kiberiti, nikakivunjia ndani. Kazi safi. Nilihesabu kwamba fundi atahitaji nusu saa.

Mikono alikitoa kijiti kabla sijamaliza salamu.

Ukutani palikuwa na karatasi mbili ndani ya fremu, juu sana. Sikuona vizuri. Nikapapasa mifuko yote kutafuta miwani. Nilijinyoosha, nikapanda kigoda, nikasoma ya kwanza kwa taabu: kizima moto hiki kikaguliwe kila mwaka. Ya pili ilikuwa picha ya vijana kumi na mmoja waliojipanga mistari miwili, mikono kifuani. Wafungwa? Mbona wamevaa kaptula? Mikono akaniuliza kama natafuta kitu. Nikasema miwani. Akasema iko kwenye paji la uso wako, shemeji.

Shemeji! Ameniita shemeji mara nne, na ndoa haijafungwa!

Nikaamua kumvamia moja kwa moja. Nikamuuliza, mwaka wa mafuriko alikuwa wapi? Uso wake ukabadilika. Akaweka chini tupa aliyokuwa ameshika. Akasema mwaka ule haukuwa mzuri kwake. Watu walikuwa wakimwona wanavuka barabara wasimsalimie. Hata mama yake mzazi alikaa siku mbili hasemi naye.

Amekiri! Bila kulazimishwa!

Kisha akasema ananikumbuka mimi mwaka ule, nilikuwa na sanduku. Nikamjibu kwamba mwaka ule kila mtu alikuwa na sanduku. Akatabasamu, akaipaka kufuli yangu mafuta, akanirudishia. Inafunguka vizuri kuliko ilivyokuwa mpya. Inaudhi.

Jina kamili sikulipata. Nilimuuliza, akasema shemeji linatosha. Mara ya tano.

Jumatatu, 10 Juni

Asubuhi nilirudi kwa Redio, kumaliza ndevu na kukusanya ushahidi. Watu walikuwa wameanza kunitazama.

Nilimhoji kwa ujanja. Nani hasa alimfunga Mikono? Akasema wale wa ng'ambo ya mto. Kumbe alihukumiwa mahakama ya ng'ambo! Au ni askari wa kule? Akasema alifungwa tatu kabla ya mapumziko na nne baada ya mapumziko. Nimeandika: alipewa likizo katikati ya kifungo. Inawezekana? Nikauliza kosa lilikuwa lake? Redio akagonga kitana mezani, akasema kosa halikuwa lake hata kidogo, waliomponza ni mabeki wake, walilala. Nimeandika: washirika wa uhalifu, ukoo wa Mabeki, walikamatwa usingizini. Wazee wawili waliokuwa wakisubiri zamu walitikisa vichwa kwa uchungu. Mmoja alisema la sita lingeweza kuokolewa. La sita? Mwaka wa sita?

Nimechanganyikiwa, lakini ushahidi ni mwingi.

Kutoka hapo moja kwa moja ghorofani, mlango wa bluu. Karani akanipa fomu, akaniambia nijaze bila haraka, kuna kalamu imefungwa kwa uzi. Nilikaa nayo. Hofu yangu ilikuwa moja tu: wataniuliza jina kamili la Mikono, nami sina.

Hawakuuliza!

Nimeisoma fomu ile mara tatu, mbele na nyuma. Sehemu ya juu: jina la mhusika, kamili. Mhusika! Nani anayehusika na jambo hili kama si mimi? Ni mimi ninayebaki peke yangu nyumbani. Ni mimi ninayesimamishwa kwenye foleni. Katika hadithi yoyote niliyowahi kusoma, mtu aliye kwenye hali hii ndiye mhusika, tena mhusika mkuu. Nikaandika jina langu lote, la kwangu, la baba na la babu, kwa herufi kubwa. Chini: mwaka wa shauri. Nikauandika. Aina: jinai. Mwishoni: jina la mwombaji na sahihi. Mimi tena, bila shaka. Serikali hupenda kuuliza kitu mara mbili. Mikono nikamweka kwenye maelezo mengine: mtu mwenye kipara, fundi, inasemekana alifungwa saba.

Hakuna kisanduku cha jina lake popote. Hii nchi fomu zake zina matundu, na mimi nimepita kwenye moja.

Karani aliisoma hadi mwisho. Akaniuliza, mzee wangu, una hakika huyu ndiye mhusika? Nikasema sijawahi kuwa na hakika ya jambo lolote kiasi hiki. Akachukua kitambulisho changu, akakilinganisha na fomu, akanitazama mimi, akaitazama fomu. Akasema haya, kama ni hivyo hakuna wa kupinga. Akagonga mhuri. Akasema majalada ya mwaka ule yako ghala la chini na mengine yalilowa, nije Alhamisi.

Alhamisi ni tarehe kumi na tatu. Ndoa ni kumi na tano. Muda upo, lakini ni mwembamba.

Jumatano, 12 Juni

Leo Dada amejaribu gauni. La samawati. Akaniuliza linamkaaje. Nikasema linamkaa.

Alipokuwa akilipiga pasi aliimba ule wimbo wa mama wa kutwangia, na alipofika ubeti wa tatu akausahau, akanigeukia. Nikampa mstari. Akaendelea. Nikatoka nje kidogo.

Ameniambia nifanye mazoezi ya kusaini, maana sahihi yangu siku hizi inaonekana kama kuku amevuka karatasi. Nikasema sahihi yangu itakuwa tayari endapo dhamiri yangu itakuwa tayari. Akaniuliza: Kaka, unapanga nini? Nikasema sipangi. Akasema ninapopanga kitu huwa nanyoosha shingo. Nilikuwa nimeinyoosha.

Alhamisi, 13 Juni

Naandika hivi kabla sijavua koti.

Jalada limepatikana! Jembamba, limetafunwa na panya kona moja, lina alama ya maji kama ramani. Karani aliniketisha kwenye meza ya pembeni mbele ya macho yake. Kalamu ya wino hairuhusiwi, penseli tu. Akanikopesha moja kutoka kwenye nywele.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa umebanduka, kwa hiyo nilianza na wa pili. Mshtakiwa, mwanamume, hana anwani, alikutwa asubuhi ndani ya maktaba ya umma, amelala kati ya rafu za historia, kichwa juu ya sanduku. Kosa: kubaki ndani ya jengo la umma baada ya saa za kazi bila ruhusa.

Mikono kwenye maktaba? Tena historia? Nilishangaa. Sikumdhania. Sandukuni mlikuwa na vitabu kumi na saba. Alikuwa na homa. Nikaanza kumhurumia, nikajikanya.

Ukurasa wa tatu: mshtakiwa alipopewa nafasi ya kujieleza, alieleza kwa saa moja na dakika ishirini, akianzia ujenzi wa maktaba za kale. Mahakama haikuelewa. Nikacheka peke yangu. Huyo huyo Mikono! Mtu hawezi hata kujitetea kwa ufupi! Mahakama ikaamuru awekwe mahabusu hadi apate mdhamini, mkazi wa mji, mwenye kazi inayojulikana.

Chini yake, sahihi ya mshtakiwa.

Niliitazama. Nikaigeuza karatasi. Nikaitazama tena. Ilikuwa sahihi yangu, ya wakati ule kuku alikuwa bado hajavuka.

Nikamwita karani. Nikamuuliza, kwa sauti ya chini, mimi nimeingiaje kwenye jalada la Mikono? Akasema, mzee, hili ni jalada lako. Uliandika mhusika ni wewe. Mhusika kwenye fomu ni yule ambaye kesi ni yake. Mimi nilidhani unataka kumbukumbu zako mwenyewe, watu wengi wa umri wako huja kuzitaka.

Nikarudi mezani.

Miaka thelathini na moja nimeamini kwamba hakimu aliridhishwa na hoja zangu. Nimewasimulia watu! Ukurasa wa nne unasema vingine. Mdhamini alijitokeza kutoka kwenye korido, alikokuwa akitengeneza kufuli ya mahabusu. Jina refu la watu watatu, halafu: maarufu Mikono, fundi kufuli. Mahakama ilimuuliza anamjuaje mshtakiwa. Karani wa siku zile, Mungu amweke popote alipo, aliandika jibu lote: simjui, lakini tangu Jumapili huyu ndiye mtu wa kwanza katika mji huu ambaye hajanicheka.

Amepewa dhamana. Baada ya siku kumi na nne, maktaba iliondoa malalamiko yake. Shauri limefungwa.

Namkumbuka mtu mmoja aliyenishika kiwiko kwenye ngazi siku ile, ananuka mafuta ya mashine. Nilidhani ni mfanyakazi wa mahakama. Nilimwambia anitafutie maji. Alinitafutia.

Kwa kuwa sasa nilikuwa na jina kamili, nilimwomba karani atazame daftari la washtakiwa la mwaka ule. Alipitisha kidole ukurasa kwa ukurasa. Hayumo. Akatazama mwaka uliofuata, na uliotangulia. Hayumo. Jina lake limo kwenye mahakama ile mara moja tu, nalo limo kwangu.

Nikaomba nakala mbili. Akauliza ya pili ya nini. Sijui ya nini.

Ijumaa, 14 Juni

Nimeweka nakala mezani, karibu na viazi, kama nilivyopanga. Ila sikukumbuka hotuba niliyoiandaa.

Dada alisoma, akasema haya anayajua. Mikono alimweleza miezi minane iliyopita, na akamwomba asiniambie, nisije nikajiona nimefungwa kamba shingoni. Nikasema basi na anieleze hili: mtu asiye na kesi amefungwaje miaka saba?

Akaacha kisu. Akauliza, miaka?

Nikamweleza yote: Redio, saba, tatu kabla ya mapumziko, ukoo wa Mabeki. Nilipofika kwa Mabeki alikuwa tayari amekaa sakafuni, anajipiga mapaja, machozi yanamtiririka. Akasema Kaka yangu, Kaka yangu, Mikono alikuwa golikipa! Golikipa wa timu ya mji! Ni magoli! Alifungwa magoli saba siku moja na timu ya ng'ambo ya mto, na mji mzima ukamnunia. Wale wa kwenye picha ni timu. Mikono ni kwa sababu ya kudaka.

Sasa mimi ningejuaje? Sijawahi kutazama mpira maishani mwangu. Akasema ndiyo, na ndiyo maana hukumcheka. Mji mzima ulikuwa na mtu mmoja tu ambaye hana habari, naye alikuwa ameketi mahakamani na homa.

Nikasema hata hivyo saba ni mengi. Mtu aliyeacha saba yaingie ataweza kulinda nyumba?

Akaacha kucheka. Akajifuta uso kwa kanga, akauliza: utasaini au husaini?

Nikasema kile kioo cha kijani, dirishani jikoni. Ukishahama wewe, nitazungumza na nani kuhusu kioo?

Akasema kilikuwa cha bluu.

Kijani! Akasema bluu, Kaka, mimi ndiye niliyekuwa nakifuta. Nikasema kijani, mimi ndiye niliyekuwa nakitazama. Tulibishana hadi viazi vikaungua. Sikumbuki lini nimefurahi hivyo. Akasema atakuwa anakuja kila Jumapili kuniambia bluu.

Sikumjibu kuhusu sahihi. Ila nimefanya mazoezi, ukurasa mzima.

Jumamosi, 15 Juni

Ofisi ya msajili. Feni moja, meza moja, maua ya plastiki yenye vumbi. Dada na samawati yake. Mikono na tai iliyofungwa vibaya. Nikaifunga upya, kwa sababu isingewezekana kuiacha.

Msajili alinigeuzia karatasi, akasema mzee, saini. Palikuwa na visanduku vitatu: mhusika wa kwanza, mhusika wa pili, shahidi. Nilisaini vizuri kuliko wakati wowote, mkia mrefu na nukta mbili. Msajili akaisoma, akafunga macho. Akasema kwa mujibu wa hati hii, mzee umemwoa bwana harusi.

Nimesaini penye mhusika wa kwanza! Na kwani nilikosea? Nani mwingine aliyehusika kiasi changu wiki hizi mbili? Hati ikachanwa, ikaandikwa nyingine, na safari hii Mikono aliweka kidole chake kinene penye neno shahidi na hakukiondoa hadi nilipomaliza.

Korido ilikuwa na ngazi. Alinishika kiwiko. Nikasema, siku ile nilikutuma maji. Akasema yalikuwa ya moto kidogo, bomba lilikuwa juani. 

Mlangoni alinipa ufunguo mpya, amenichongea mwenyewe, wa nyumba yao. Akasema nisibishe hodi, shemeji.

Sikuhesabu ilikuwa mara ya ngapi.

Jumapili, 16 Juni

Nyumba ina vyumba viwili vile vile na inaonekana ina vinne. Nimemenya viazi. Vinene. Hakuna aliyesema kitu.

Saa nne Dada alipita, akachungulia dirishani, akasema bluu, akaenda zake sokoni. Nikamkimbilia hadi kona kumwambia kijani.

Nimekaa na nakala mbili za jalada na ule ufunguo, na nimefikiri kwa makini, kama mtu aliyesoma. Kuna jambo halikai sawa. Tuseme kweli: ni mtu wa namna gani anayemdhamini mhalifu asiyemjua? Mshtakiwa hana anwani, ana homa, amekutwa ndani ya jengo la serikali, anaongea saa moja na dakika ishirini bila kueleweka. Mimi mwenyewe nisingemdhamini! Na mtu huyo huyo leo anagawa funguo za nyumba yake ovyo. Dada ameolewa na mtu asiyechagua watu. Amewadhamini wangapi wengine? Wako wapi? Wana funguo?

Lazima pawepo karatasi.

Kesho saa mbili nitakuwa mlango wa bluu, bila mkanda, miwani puani. Jina lake kamili sasa ninalo, ingawa fomu hailiulizi. Fomu naijua vizuri. Nimeshajifanyia mazoezi hapa nyuma ya daftari, kwa herufi kubwa, ili karani asipate shida kusoma. Jina la mhusika, kamili: langu, la baba na la babu.